Kingamwili za thimidilati sinthasi: bendi ikigoma, ikizidi au ikikaa pasipo pake

Thimidilati sinthasi, tutakayoiita TS kuanzia hapa, ndiyo kimeng'enya kinachogeuza dUMP kuwa dTMP, kijenzi cha DNA, kwa kuchukua kaboni moja kutoka kwenye folati na kuipachika. Seli isiyo na dTMP haiwezi kunakili DNA yake. Ndiyo sababu 5-FU, dawa ya saratani inayotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, inakilenga kimeng'enya hiki, na ndiyo sababu maabara nyingi hutaka kujua kipo kiasi gani ndani ya seli au kwenye uvimbe.

Kipimo kikuu humu ni westani bloti: protini hutenganishwa kwa uzito kwenye jeli, huhamishiwa kwenye utando, na kingamwili huionyesha TS kama mstari, yaani bendi. Kingamwili za kukitambua kimeng'enya hiki zipo tele na nyingi ni nzuri. Malalamiko mengi yanayorushiwa kingamwili ya TS chanzo chake ni seli zenyewe: ziliacha kukua, zilipewa dawa, au zililinganishwa na protini isiyofaa. Kwa hiyo tunafuata dalili moja baada ya nyingine, lakini kila mara tunauliza kwanza hali ya sampuli ndipo tuchunguze kichupa.

Namba za kushika kabla ya kugusa pipeti: TS ya binadamu ina asidi amino 313 na uzito wa karibu kilodaltoni 36. Ndani ya seli molekuli hukaa mbilimbili, zimeshikana. Sisteini iliyo nafasi ya 195 ndiyo inayoidaka dUMP wakati wa kazi, ikumbuke, itarudi. Jeni inaitwa TYMS. Jihadhari na TYMP, jeni ya thimidini fosforilesi, kimeng'enya kingine kabisa chenye uzito wa karibu kilodaltoni 50. Katika orodha za wauzaji majina haya mawili hufuatana, na herufi moja ikikosewa kwenye fomu ya kuagiza, umenunua kingamwili isiyokuhusu.

Kloni inayotajwa zaidi ni TS106, ya panya, iliyoelezwa mwaka 1991. Zipo pia za sungura, za kloni moja (zote zinashika sehemu ileile ya protini) na za kloni nyingi (mchanganyiko). Angalia ya kwako ni ipi, kwa sababu mambo kadhaa hapa chini yanategemea hilo.

Utaratibu wa kulinganishia

Ukisoma ushauri wowote humu, chukulia kwamba umeanzia hapa. Pasua seli milioni 1 hadi 2 kwa mikrolita 100 za bafa ya RIPA yenye vizuizi vya protiesi, juu ya barafu, dakika 20 hadi 30. Zungusha kwenye sentrifyuji kwa g 14,000, dakika 15, nyuzi 4, uchukue maji ya juu. Pima protini. Changanya na bafa ya sampuli yenye DTT mpya (inayokata vifungo vya salfa kati ya protini) ya milimola 50 hadi 100, chemsha kwenye nyuzi 95 kwa dakika 5. Pakia mikrogramu 20 hadi 30 kwa kila shimo la jeli ya asilimia 12. Hamishia kwenye utando wa PVDF uliolowekwa methanoli, volti 100 kwa dakika 60 hadi 75, tangi likiwa na barafu. Ziba nafasi tupu za utando kwa maziwa ya unga yasiyo na mafuta, asilimia 5, katika bafa ya TBS yenye Tween 20 asilimia 0.1, kwa saa moja. Kingamwili ya kwanza 1:1000, au kama karatasi ya bechi inavyosema, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Osha mara tatu, dakika 10 kila mara. Kingamwili ya pili, inayoishika ya kwanza na kubeba peroksidesi (kimeng'enya cha kutoa mwanga), 1:5000 hadi 1:10,000, saa moja kwenye joto la chumba. Osha tena vivyo hivyo, mwagia kimiminika cha kutoa mwanga, piga picha.

Bendi mbili zilizokaribiana, moja kwenye 36 na nyingine juu kidogo

Ukiona bendi kwenye 36 na nyingine kati ya 38 na 39, acha kingamwili kwanza. Uliza: seli hizi zilipewa nini?

5-FU na ndugu yake floksuridini hugeuzwa ndani ya seli kuwa FdUMP. FdUMP inafanana na dUMP kiasi cha kukaribishwa kwenye kiti chake, ikajifunga kwenye ile sisteini ya 195, na folati ikaingia kama mtu wa tatu. Hapo kazi hukwama katikati: kimeng'enya, dawa na folati vimeshikamana kwa kifungo cha kovalenti, na hakuna kinachoachia. SDS, sabuni iliyomo kwenye bafa ya sampuli, haikifungui kifungo hicho, wala dakika 5 za kuchemsha. TS iliyobeba mzigo huo hutembea polepole zaidi kwenye jeli. Bendi ya juu ni TS iliyoshikwa na dawa, ya chini ni TS huru. Uzito wa ziada kwa hesabu ni mdogo kuliko pengo unaloliona kwenye picha. Huo ni mwendo wa protini kwenye jeli, usijaribu kuupima kwa rula.

Kuthibitisha ni rahisi. Panda sahani tatu za seli zinazokua vizuri, kwa mfano HCT116, seli za saratani ya utumbo mpana. Moja iache bila kitu, ya pili ipe 5-FU mikromola 10 au floksuridini mikromola 1 kwa saa 24, ya tatu ipe raltitreksedi, dawa nyingine ya kuzuia TS. Sahani ya kwanza itoe bendi ya 36 peke yake. Ya pili itoe mbili, au ya juu peke yake kama dawa imeshika TS yote. Ya tatu ndiyo yenye funzo: raltitreksedi hukaa kwenye TS bila kujifunga kwa kovalenti, kwa hiyo kiasi hupanda lakini bendi inabaki palepale 36. Mpangilio huo ukitokea, kingamwili yako inafanya kazi yake barabara.

Kosa kubwa linalozaliwa hapa ni la hesabu. Mtu anapima bendi ya chini tu, anaona imefifia baada ya 5-FU, anaandika kwamba dawa imepunguza TS. Kinyume chake ndicho kinachotokea kwa kawaida. TS ikiwa huru hujishika kwenye mRNA yake yenyewe (nakala ya jeni) na kuzuia isitafsiriwe kuwa protini. Ikishikwa na dawa huachia mRNA hiyo, na seli huanza kutengeneza TS zaidi. Juu ya hayo, TS iliyofungwa huchelewa kuvunjwa. Jumlisha bendi zote mbili ndipo useme jumla ya TS. Gawanya ya juu kwa jumla ndipo useme sehemu iliyoshikwa. Hizo ni namba mbili tofauti na zinajibu maswali mawili tofauti.

Bendi zikiungana kuwa doa moja nene, tatizo ni jeli. Endesha hadi alama ya kilodaltoni 25 ikaribie chini kabisa, hata kama utapoteza protini ndogo. Punguza protini hadi mikrogramu 10 au 15 kwa shimo, maana shimo lililojazwa sana hutoa bendi nono zinazomezana. Volti 80 hadi 100 bila haraka hutenganisha vizuri kuliko 180.

Je, bendi mbili zimetokea kwenye seli ambazo hazijapewa dawa yoyote? Hapo kuna mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni GAPDH, protini nyingine yenye uzito unaokaribia huo, na tutalieleza kwa kirefu mbele. La pili ni TS ya kutengenezwa yenye mkia wa histidini: mkia huo na viungo vyake huongeza kilodaltoni 1 hadi 2, na seli zilizoingiziwa jeni hiyo zitaonyesha ya asili na ya kuingizwa pamoja, mfano mzuri wa kudanganywa na pengo lilelile. La tatu ni uchafuzi wa kawaida wa maabara: pipeti ileile iliyogawa dawa ndiyo iliyogawa maji ya kidhibiti, yaani sampuli ya kulinganishia isiyopewa dawa. Floksuridini hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno, tone moja linatosha kuharibu kidhibiti.

Hakuna bendi kabisa

Fuata njia kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Dondosha mikrolita 1 ya kingamwili ya kwanza, iliyozimuliwa 1:100, juu ya kipande cha utando. Acha ikauke, ziba, weka kingamwili ya pili, mwagia kimiminika cha mwanga. Doa likiwaka, kingamwili ya pili na kimiminika ni wazima na vinaoana na mnyama wa kingamwili ya kwanza. Lisipowaka, umeokoa wiki nzima: ama uliweka ya kuitambua sungura juu ya kingamwili ya panya, ama peroksidesi imekufa. Muuaji wa kawaida wa peroksidesi ni azidi ya sodiamu, ambayo watu huiweka kwenye bafa ili isiote ukungu. Iweke kwenye kingamwili ya kwanza ukitaka, itaoshwa. Usiiweke kamwe kwenye ya pili.

Kisha paka Ponceau S kwenye utando kabla ya kuziba. Ngazi nyekundu za protini zikionekana sawasawa, protini ilihama. Zisipoonekana, kagua kama PVDF ililowekwa methanoli, na kama sandwichi iliwekwa kinyume, jeli upande wa chanya na utando upande wa hasi. Protini ya 36 huhama upesi na inaweza kupita utando na kutokea ng'ambo. Weka utando wa pili nyuma ya wa kwanza mara moja ili ujue; ukikuta TS kwenye wa pili, punguza muda au tumia utando wenye matundu ya mikromita 0.2.

Hayo yote yakiwa sawa, rudi kwenye seli. TS ni kimeng'enya cha seli inayojiandaa kugawanyika. Seli zilizojaa sahani hadi kubanana, zilizonyimwa seramu, au zilizokomazwa hadi zikaacha kugawanyika, zina TS kidogo. Limfosaiti zilizotoka kwenye damu ya mtu mwenye afya zimepumzika, na mikrogramu 20 zake zinaweza zisionyeshe chochote. Hizohizo ukizichochea kwa PHA kwa saa 48 hadi 72, bendi hujitokeza. Jozi hiyo, zilizopumzika na zilizochochewa kutoka damu ileile, ni kidhibiti bora kuliko vingi vinavyouzwa, na hugharimu damu ya mkono mmoja.

Mwisho, spishi. TS imefanana sana baina ya viumbe, lakini kingamwili ya kloni moja hushika sehemu fupi tu ya protini, na asidi amino chache zilizobadilika hapo zinatosha kuikosesha. Iliyothibitishwa kwa binadamu usiitegemee kwa panya mpaka uione.

Bendi ipo, lakini si mahali pake

Karibu na 70: molekuli mbili hazijaachana. DTT iliyokaa kwenye bafa ya sampuli miezi mitatu kwenye rafu haipo tena, imeungana na hewa. Ongeza mpya, chemsha tena, pakia upya. Ikibaki vilevile hata baada ya DTT mpya, basi si TS, ni protini nyingine inayoshikwa.

Chini ya 36, kwenye 30 au 33, ikiwa na vivuli: TS imekatwakatwa na protiesi. Tatizo hili huja na tishu zaidi kuliko seli za sahani, hasa kongosho na utumbo. Gandisha tishu kwenye naitrojeni ya maji mara inapotoka, isage ingali imeganda, na vizuizi vya protiesi viingie kwenye bafa dakika ileile ya kutumia. PMSF, mojawapo ya vizuizi hivyo, hasa haidumu majini. Iliyochanganywa asubuhi si ya kutegemea jioni.

Bendi safi ya 30 kwenye TS iliyozalishwa ndani ya E. coli ni habari tofauti. Bakteria huyo ana TS yake mwenyewe, ya asidi amino 264, na kingamwili ya kloni nyingi inaweza kuiona. Pakia laiseti (maji ya seli zilizopasuliwa) ya bakteria wasio na plasmidi, DNA iliyobeba jeni ya kuingizwa, kwenye shimo la jirani. Bendi ikiwepo hapo pia, umempata mwenyewe.

Kwenye 50 na 25, kwa sampuli za tishu ya panya zilizopimwa kwa kingamwili ya panya: hizo ni minyororo mizito na miepesi ya kingamwili za damu ya mnyama yule, zinatambuliwa na kingamwili yako ya pili. Kwa bahati TS inakaa katikati yake, haifunikwi. Hiyo ni faida pia ukivuta TS kwa shanga zenye kingamwili, kwa sababu 36 inabaki wazi. Zikikuudhi, hamia kingamwili ya sungura.

Neno kwa wanaofanya kazi na malaria, ambao katika Afrika Mashariki si wachache. *Plasmodium falciparum* hana TS ya peke yake. TS yake imeunganishwa na DHFR, kimeng'enya kingine cha folati, katika mnyororo mmoja wa asidi amino 608, karibu kilodaltoni 70, na DHFR hiyo ndiyo inayolengwa na pirimethamini iliyomo kwenye SP, dawa ya malaria. Kingamwili ya TS ya binadamu haikutengenezwa kwa ajili yake. Ikikuonyesha bendi ya 70 kwenye chembe nyekundu zilizoambukizwa, usishangilie. Linganisha kwanza na chembe zisizo na vimelea kutoka damu hiyohiyo, halafu tafuta kingamwili iliyotengenezwa mahususi dhidi ya protini ya kimelea.

Utando mweusi wote, au madoa

Hili si la TS peke yake, tupite haraka. Weusi wa sare: kingamwili ya pili imezidi, nenda 1:20,000. Madoa ya duara: maziwa hayakuyeyuka, yachuje au yazungushe kabla ya kutumia. Bendi nyeupe katikati ya weusi: kuna peroksidesi nyingi mno mahali pamoja na kimiminika kimeisha hapo, punguza kingamwili zote mbili. Utando ukikauka hata pembe moja, pembe hiyo haitakusamehe.

Vipimo vinayumba kutoka wiki hadi wiki

Hapa ndipo GAPDH inapoingia. Ni protini ya kulinganishia iliyozoeleka, na uzito wake ni karibu kilodaltoni 36. Yaani inakaa pale pale inapokaa TS. Mtu akipima TS, akaufua utando (kuondoa kingamwili za awali), kisha akapima GAPDH, na ufuaji haukutoa kila kitu, anasoma mchanganyiko wa mbili akidhani ni moja. Akifuata mpangilio wa kinyume, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu GAPDH ipo kwa wingi na mabaki yake yanaweza kuonekana kama TS nzuri kabisa, sawa katika kila shimo, isiyobadilika kwa dawa yoyote. Ukiona TS ya namna hiyo, tulivu kupita kiasi, shuku GAPDH.

Tumia tubulini alfa (50) au vinkulini (karibu 120). Aktini beta, 42, inafaa kama jeli yako inatenganisha vizuri, lakini bendi yake nono ikishuka itagusa ile ya 38. Vinkulini ina faida ya ziada: unaweza kuukata utando kwenye 70 na kupima vipande viwili siku moja, bila kufua chochote.

Sababu ya pili ya kuyumba ni ujazo wa sahani. Seli zilizovunwa Jumatatu zikiwa zimefunika asilimia 50 na zilizovunwa Ijumaa zikiwa asilimia 95 zina TS tofauti hata kama hakuna aliyezigusa. Amua asilimia moja, kwa mfano 60 hadi 70, na uvune hapo kila mara. Jaribio la siku tatu lenye dawa inayopunguza kasi ya kukua linahitaji kidhibiti chake kwa kila siku, si kidhibiti kimoja cha siku ya sifuri.

Ya tatu ni picha iliyoungua. Pakia laiseti moja kwa mikrogramu 5, 10, 20 na 40. Bendi zikiongezeka maradufu kila hatua, unapima. Kati ya 20 na 40 zikilingana, umefika dari, na tofauti yoyote unayoitafuta huko juu imefichwa.

Watu wawili wakitofautiana sana bila sababu ya dawa wala ukuaji, kumbuka kwamba mwanzo wa jeni ya TYMS una kipande cha herufi 28 kinachojirudia. Wengi wana marudio 2 au 3, na marudio 3 huendana na TS zaidi. Aleli zenye marudio zaidi ya hapo zimeripotiwa kwa watu wa Afrika. Kwa sampuli za wagonjwa wa ukanda huu, kupima urefu wa kipande hicho kwa PCR ni kazi ya siku moja na huondoa maswali mengi. Na kumbuka pia mipaka ya westani bloti yenyewe: inaonyesha protini ipo kiasi gani, haionyeshi kama inafanya kazi.

Tishu kwenye parafini

Hapa hakuna jeli: kingamwili inawekwa juu ya kipande chembamba cha tishu, na DAB huacha rangi ya kahawia palipo na TS. Kipande cha mikromita 4, kingamwili TS106 kati ya 1:50 na 1:100, na mchoro unaotarajiwa ni chembechembe za kahawia kwenye saitoplazimu ya seli za uvimbe. Kila slaidi iambatane na kidhibiti. Tonsili inafaa, kwa kuwa vituo vya kuzalishia limfosaiti vinagawanyika kwa kasi. Kwenye utumbo, sehemu ya chini ya vikunjo vya utando ndiyo inayogawanyika, na iko ndani ya slaidi yako yenyewe bure.

Kidhibiti hakijapaka rangi: fomalini imefunga antijeni, sehemu inayoshikwa na kingamwili, na hukuifungua vya kutosha. Jaribu bafa ya sitreti ya pH 6.0 na ya Tris-EDTA ya pH 9.0 sambamba, nyuzi 95 hadi 98, dakika 20, kisha dakika 20 za kupoa humohumo. Usitoe slaidi zikiwa za moto, tishu itabanduka. Chagua bafa moja na usiibadilishe katikati ya mradi.

Kidhibiti kimepaka, uvimbe haukupaka: huenda ni kweli hauna TS nyingi. Au tishu ilikaa saa nyingi bila fomalini, au ilikaa ndani yake wiki mbili. Saa 6 hadi 72 kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa ndiyo kawaida, na kipande kisizidi unene wa milimita 4. Slaidi zilizokatwa na kukaa kwenye sanduku miezi kadhaa hupoteza antijeni kimyakimya. Kata upya kutoka kwenye bloku kabla ya kuhitimisha.

Kiini cha seli kimepaka: usikimbilie kuita makosa. TS huingia kwenye kiini wakati DNA inanakiliwa, na imeonyeshwa pia kwenye mitokondria. Kinachotia shaka ni kiini kilichopaka kwa nguvu katika kila seli, zikiwemo zisizogawanyika kama misuli na neva. Hapo zimua zaidi kingamwili na uongeze muda wa kuziba.

Kahawia kila mahali: peroksidesi ya tishu yenyewe haikuzimwa. Haidrojeni peroksaidi asilimia 3 kwa dakika 10, iliyotoka kwenye chupa ambayo haikuachwa wazi. Kama mfumo wako unatumia biotini, ini na figo vina biotini yao. Hamia mfumo wa polima na tatizo linakwisha.

Halafu kuna kahawia ambayo haikutoka kwenye kingamwili. Kwenye ini na wengu wa watu waliowahi kuugua malaria sana, seli za kusafisha hubeba hemozoini, chembe za kahawia iliyokolea zinazofanana na DAB vya kutosha kumdanganya msomaji mchovu. Anayepima TS kwenye uvimbe wa utumbo uliosambaa hadi ini, akiwa na sampuli za ukanda wa malaria, atakutana nazo. Fomalini isiyo na bafa huacha rangi ya kufanana nayo kwenye tishu yenye damu nyingi. Kipimo ni kimoja kwa zote: toa parafini kwenye slaidi ya jirani, usiweke kingamwili wala DAB, itazame. Kahawia iliyopo hapo ilikuwepo kabla yako. Zote mbili hung'aa chini ya mwanga wa kupolaraizi. Pikriki asidi katika alkoholi huziondoa, lakini ikikauka ni ya hatari, hulipuka. Njia ya amani zaidi ni kubadilisha DAB na kutumia kromojeni (kitoa rangi) nyekundu. Ukichagua AEC, mojawapo ya hizo nyekundu, funika slaidi kwa gundi ya maji, kwa sababu alkoholi na zaileni vitaifuta.

Kuthibitisha kwamba ni TS kweli

Ushahidi wa kawaida ni siRNA, vipande vifupi vya RNA vinavyonyamazisha jeni: saa 48 hadi 72 baada ya kuiingiza, bendi ya 36 ififie na tubulini ibaki. Tumia siRNA mbili zinazolenga sehemu tofauti. Fahamu kwamba seli zilizopungukiwa TS hukosa thimidini na kuanza kufa, kwa hiyo ukichelewa utapima seli mbovu.

Ushahidi mzito zaidi ni kuifuta jeni kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA, na hapa wengi hukwama wasijue kwa nini. Wanachagua koloni, wanazipima, zote bado zina TS. Zilizoikosa zilikufa njiani. Tangu siku ya kuingiza CRISPR, weka thimidini mikromola 10 hadi 20 kwenye chakula cha seli na uibadilishe kila baada ya siku mbili au tatu. Koloni isiyo na bendi, inayoishi kwa thimidini na kufa unapoiondoa, imethibitisha kingamwili na jeni kwa pamoja. Jaribio la kuiondoa lifanye kwa seramu ya ndama iliyochujwa kwa dayalisisi, kwa sababu seramu ya kawaida huwa na thimidini yake.

Kichupa chenyewe

Kingamwili iliyo kwenye gliseroli asilimia 50 haigandi kwenye nyuzi -20. Ichukue humo moja kwa moja, usiigawe. Isiyo na gliseroli igawe kwa mikrolita 10 au zaidi, si chini, kwa kuwa tone dogo hupoteza sehemu yake kwenye ukuta wa kichupa. Friza inayojiyeyusha barafu yenyewe haifai, inapandisha joto kila siku. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji ya chumvi zilizoganda, na usiifungue mpaka umeme urudi.

Bechi mpya ya kloni nyingi ni kingamwili mpya, hata kama namba ya katalogi ni ileile. Tengeneza laiseti nyingi ya HCT116 mara moja, nusu iliyopewa floksuridini na nusu isiyopewa, igawe kwa mikrolita 30 na uiweke kwenye nyuzi -80. Bechi ikifika, pakia jozi hiyo mara mbili kwenye jeli moja, kata utando katikati, upande mmoja bechi ya zamani na wa pili bechi mpya. Agiza ile mpya mapema, kabla kichupa cha zamani hakijabaki na mikrolita 5.